Kwa nini bunduki ndogo ya .22 inaizidi bei bunduki kubwa?

*Swali: Fundi, salamu. Binti yangu ana miaka 14 na amejiunga na klabu ya vijana ya kulenga shabaha hapa Louisville, Kentucky. Kocha anasema tukitaka kumnunulia bunduki yake tutafute .22 ya mashindano, na ya mtumba tu tumetajiwa dola 1,800. Nilipoingia dukani nikakuta .22 mpya za dola 250, na ukutani pembeni yake bunduki mpya ya kuwindia kulungu, kaliba .308, dola 500. Hii .22 risasi yake ni kama punje ya maharage. Inakuwaje kitu kidogo hivyo kiizidi bei bunduki ya kuangusha mnyama wa kilo mia? Naona kama tunaibiwa. Baba Neema.*

Baba Neema, salamu nimezipokea. Hamuibiwi. Ila swali lako nalielewa vizuri, kwa sababu sipitishi wiki bila mtu kusimama mbele ya meza yangu ya kazi akaniuliza hilo hilo, na wengi wao wamezaliwa hapa hapa Marekani. Sisi tuliokulia nyumbani tumezoea kuipima bunduki kwa mlio wake. Babu yangu kule Handeni alikuwa na gobori, na likilia kijiji kizima kinajua. Kwa kipimo hicho .22 ni kitoto. Lakini kiwandani hakuna anayelipwa kwa mlio. Wanalipwa kwa saa za mashine na saa za mikono, na ukishaanza kuhesabu saa, udogo wa risasi haukupunguzii kitu.

Chuma chenyewe, kabla hakijaguswa, ni sehemu ndogo tu ya bei ya bunduki yoyote. Kinachogharimu ni kukifanya kiwe bunduki. Mtutu utobolewe, uchongwe ndani ile mifereji inayoizungusha risasi, ukatwe chemba, yaani pale nyuma risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Mtambo, yaani mwili unaoshika mtutu na bolti, ukerezwe, bolti inayofunga nyuma ya mtutu isagwe ikae sawasawa nao, triga isuguliwe, kitako kichongwe. Ukilipunguza tundu la mtutu kutoka milimita 7.62 za .308 hadi 5.6 za .22 hujaondoa hata hatua moja kati ya hizo. Tena umeongeza ugumu. Mtutu wa sentimita 65 wenye tundu la milimita 5.6 una urefu unaozidi mara 110 ya upana wa tundu lake. Keekee ya kulitoboa ni nyembamba na ndefu, inapenda kupinda, na mafuta yanayosukumwa ndani ili kutoa vipande vya chuma yanapita kwenye njia finyu. Wanaotoboa mitutu watakwambia wangependa tundu kubwa siku zote.

Ukitaka ushahidi wa haraka, siku ukirudi dukani omba waonyeshe bastola mbili za silinda za Smith & Wesson: 686, ambayo ni ya risasi nzito ya .357, na 617, ambayo ni ya .22. Bei zao zinakaribiana. Silinda ya 686 hutobolewa matundu sita au saba, ya 617 siku hizi hutobolewa kumi. Ndogo ina kazi zaidi, na hakuna mtu kiwandani anayetoboa tundu dogo kwa nusu mshahara.

Sasa ile .308 ya dola 500 imewezekanaje? Imewezekana kwa sababu viwanda vikubwa vimejifunza kutengeneza bunduki ya kuwindia kwa wingi. Mtutu unapigwa kwa mashine ya nyundo juu ya kalibu ngumu, dakika chache umekamilika. Mtambo ni bomba la duara linalokerezwa haraka. Kitako ni plastiki. Na mtambo huo huo, kwa kubadilisha mtutu tu, unauzwa kwa kaliba nyingine nyingi, kwa hiyo gharama ya mashine na vifaa inagawanywa kwa bunduki nyingi sana. Mtambo wa .22 hauna ndugu wengi hivyo. Vifaa vyote vya kuutengeneza vinalipiwa na .22 peke yake, pamoja na kaliba moja mbili za jamii yake.

Lakini sababu kubwa zaidi imo ndani ya risasi yenyewe, na hapa naomba unipe muda kidogo.

Risasi anayopiga binti yako inaitwa .22 Long Rifle. Ilitoka mwaka 1887 katika kiwanda cha Stevens huko Massachusetts, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Risasi ya .308 ina fataki yake ndogo, kile kidonge cha kuwashia baruti, iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Ya .22 haina. Dawa ya fataki imekaa ndani ya ule ukingo mwembamba unaolizunguka ganda chini, ukingo wenye unene wa milimita moja hivi. Pini ya bunduki inauponda ukingo, dawa inawaka, baruti inashika. Ndiyo maana zinaitwa risasi za ukingoni. Dawa ikikaa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, risasi mbili za boksi moja zitawaka kwa nguvu tofauti. Pini ikiponda kwa nguvu leo na kwa ulegevu kesho, vivyo hivyo. Kwa hiyo springi, pini na bolti ya .22 nzuri vinatakiwa vifanye kitu kile kile kila mara, bila ule msaada wa fataki nene ya katikati inayosamehe makosa madogo.

Kisha kuna kichwa cha risasi. Cha .308 kimevikwa shaba ngumu, kinasukumwa kwa shinikizo kubwa na kutoka kwa mwendo wa mita 800 kwa sekunde hivi. Cha .22 ni madini ya risasi matupu, yale laini mazito, yaliyopakwa nta, gramu 2.6, na ya mashindano inatoka kwa mita 330 hivi kwa sekunde. Shinikizo lake halifikii nusu ya lile la .308. Kinachukua muda mrefu ndani ya mtutu, ni laini, na kila kasoro ya chuma kinamopita inakiachia alama.

Tufanye hesabu moja. Kwenye shabaha ya mita 50 ya mashindano ya kimataifa, duara la pointi kumi lina upana wa milimita 10.4. Chukua risasi mbili zilizotoka kwenye mtutu ulioelekezwa mahali pale pale kabisa, moja ikiizidi nyingine mwendo kwa mita 10 kwa sekunde. Zikifika mita 50, ile ya polepole itakuwa imeanguka chini zaidi kwa milimita 7 au 8. Binti yako hajatikisika, hajapumua vibaya, na kumi imeshafika ukingoni pa kupotea. Mwindaji wa kulungu tofauti ya milimita 8 haimuhusu kabisa. Kwa hiyo bunduki kubwa inaweza kuwa ya kawaida na mwenye nayo akaridhika maisha yake yote, wakati ndogo, ikiwa ni ya mashindano, haina pa kujificha.

Njoo nikuonyeshe ninachofanya kila mtutu wa .22 unapoletwa kwangu. Nachukua kipande cha madini laini ya risasi, kikubwa kidogo kuliko tundu, nakipaka mafuta, nakiingiza upande wa chemba, kisha nakisukuma polepole kwa fimbo hadi mdomoni. Macho hayana kazi, ni viganja tu. Kwenye mtutu wa bei rahisi fimbo inabana, inabana, halafu ghafla inateleza sentimita tano kama vile imeachiwa, kisha inabana tena. Pale ilipoteleza tundu limepanuka, pengine chini ya sehemu ya mia moja ya milimita. Lakini kichwa laini cha .22 kikishabanwa na kuwa chembamba kinafika pale kikielea. Mahali pabaya kuliko pote pa kuteleza ni karibu na mdomo, kwa sababu hakuna tena nafasi ya kujirekebisha.

Kwenye mtutu mzuri fimbo inakwenda kwa uzito ule ule toka mwanzo, na sentimita chache za mwisho inakaza kidogo sana, kama mlango unaoingia vizuri kwenye fremu yake. Hali hiyo inahitaji kazi ya mikono. Fundi anamwaga risasi iliyoyeyuka ndani ya mtutu ishike kwenye fimbo, anapaka unga wa kusugulia, kisha anavuta na kusukuma, anavuta na kusukuma, anasikiliza kwa viganja wapi pamebana, anarudia pale pale. Akizidisha, mtutu umeharibika na kazi yote ya nyuma imepotea. Mitutu isiyofikia kiwango inawekwa kando. Unaponunua mmoja uliopita umelipia na hiyo iliyotupwa.

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu nilijifunza kwa mfuko wangu. Bunduki yangu ya kwanza ya .22 nilinunua mpya kwa dola 180, nikaona nimewahi. Ilikuwa ikitawanya risasi kama mtu anayemwagia kuku mtama. Nikanunua darubini bora, haikusaidia. Nikanunua kitako kipya, haikusaidia. Siku moja nikaingiza risasi chemba, nikaitoa bila kuipiga, nikaishika kwenye mwanga wa dirisha: kichwa kilikuwa kimechubuka upande mmoja tu, upande wa pili kinang'aa. Chemba ilikuwa imekatwa kombo tangu kiwandani. Nilibadilisha mtutu, na baadaye triga. Nilipojumlisha risiti zilipita dola 900, na bado mtambo ulikuwa ule ule wa dola 180. Rahisi huvunja upishi, na mimi wangu ulivunjika kweli.

Sisemi kwamba kila .22 ya bei ndogo ni mbaya. Kuna watu waliofanya akili kubwa sana kuzishusha bei, na heshima yao lazima watapewa. William Ruger na Alexander Sturm walianza kampuni yao mwaka 1949 huko Southport, Connecticut, kwa bastola ya .22 iliyouzwa dola 37.50. Badala ya kuichonga fremu kutoka kwenye pande la chuma, walibonyeza mabati mawili kwa mashine na kuyaunganisha. Mwaka 1964 kampuni hiyo hiyo ikatoa bunduki ya 10/22 kwa dola 54.50, na hadi leo ndiyo inayojaa kwenye maduka, kwa kawaida chini ya dola 400. Ukiibadilisha ile 54.50 kwa thamani ya pesa ya sasa unapata zaidi ya dola 500. Yaani bunduki hiyo imeshuka bei. Kwa kujifunzia, kwa makopo na kwa sungura, inatosha na kubaki. Ila haikukusudiwa kumi ya milimita 10.4, na kuidai hiyo ni kuionea.

Upande wa pili wa habari hiyo ni bunduki ya .22 ya Winchester Modeli 52. Ilitoka mwaka 1920, na kwa miaka mingi hapa Marekani mlengaji wa .22 aliyekuwa makini alitamani hiyo. Chuma kizuri, kila kipande kimechongwa, kila kimoja kimepatanishwa na mwenzake. Kiwanda kiliitengeneza kwa miaka 60, kwa sifa kubwa, na ni mara chache ilikiletea faida. Mwaka 1980 ikakoma. Wanunuzi waliisifu, lakini wengi hawakuwa tayari kulipia .22 gharama halisi ya kazi iliyomo. Kampuni ya Kimber ya kwanza, ile iliyoanza Oregon mwaka 1979 kwa bunduki safi za .22, nayo haikudumu. Ukiyajua haya, unaacha kushangaa kwa nini .22 nzuri ni ghali na unaanza kushangaa kwamba bado kuna watu wanazitengeneza.

Wanaozitengeneza kwa mashindano makubwa ni wachache. Anschütz, ambao walianza mwaka 1856 huko Thuringia na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakahamia Ulm. Walther na Feinwerkbau, Wajerumani pia. Bleiker na Grünig & Elmiger wa Uswisi. Soko lao ni walengaji wa klabu, vyuo na Olimpiki, pamoja na wale wa biathloni, wanaoteleza kwenye theluji na bunduki mgongoni na ambao tangu 1978 wanatumia .22 hii hii. Ni soko dogo. Bunduki mpya ya juu kutoka kwao hupita dola 3,000 kwa urahisi, na vilengeo wakati mwingine vinauzwa peke yake. Triga pekee ni mtambo mzima wa vipande vidogo vinavyokamatana kwa ncha iliyosuguliwa kama kioo, inafyatuka kwa uzito wa gramu 100 hivi, na lazima isifyatuke bunduki ikigongwa. Hicho hakitoki kwenye mashine kikiwa tayari. Kuna mtu amekaa na kukipatanisha.

Na serikali nayo ina fungu lake. Hapa Marekani mtengenezaji au mwagizaji anatozwa kodi ya asilimia 11 kwa bunduki ndefu, asilimia 10 kwa bastola. Kwa sheria ya mwaka 1937 fedha zake huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori, na sehemu siku hizi kwenye viwanja vya shabaha. Huioni kwenye risiti kwa sababu imeshaingia kwenye bei.

Kuna hesabu moja iko upande wako, na kocha pengine hakuitaja. Mtutu wa .308 ukipigwa sana unachoka. Baada ya risasi elfu chache usahihi wake unaanza kushuka. Wa .22, kwa kuwa shinikizo ni dogo na risasi ni laini, unapiga makumi ya maelfu bila kuchoka kama umetunzwa. Ninazo mkononi Anschütz za mtambo wa Modeli 54 za miaka ya 1970 ambazo watoto wanazitumia kwenye mashindano leo na kushinda. Ndiyo maana ya mtumba inatajwa dola 1,800 na si 600. Na ndiyo maana Neema akimaliza, ukiiuza utarudisha sehemu kubwa ya pesa yako. Ile ya dola 250 huwezi kusema hivyo.

Kwa hiyo ufanye nini? Kwanza, usikimbilie. Mwache apige na bunduki ya klabu msimu mzima. Ana miaka 14, mikono bado inarefuka, na bunduki inayomkaa leo huenda isimkae mwakani kama kitako chake hakirekebishiki. Kama lengo lake ni chuo, jimbo lenu mnabahatika: University of Kentucky imeuchukua ubingwa wa vyuo wa kulenga shabaha mwaka 2011, 2018, 2021 na 2022, na katika mchezo huo wavulana na wasichana hushindana pamoja kwa bunduki ya upepo na ya .22.

Kama huwezi kufika dola 1,800 na bado unataka awe na yake, kuna katikati. CZ 457 ya Ucheki inapatikana kwa dola 500 hadi 800 kutegemea aina, na mtutu wake kwa bei hiyo ni wa kuheshimika. Haitakuwa na kitako cha mashindano wala triga ile ya gramu 100, lakini haitamdanganya mtoto kuhusu makosa yake mwenyewe, na hilo ndilo muhimu kwake sasa. Usilipie mbao ya mjozi yenye mistari mizuri. Pesa ikibaki, peleka kwenye risasi.

Ndiyo, kwenye risasi. Mlengaji wa .308 anaweza kujaza risasi zake mwenyewe nyumbani na kuzipatanisha na bunduki. Za ukingoni hazijazwi upya, unatumia kama zilivyotoka kiwandani, kwa hiyo unatafuta zile zinazopendwa na mtutu wako. Kila fungu, yaani risasi zilizotengenezwa pamoja kwa mkupuo mmoja, lina namba yake kwenye boksi, na mafungu mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana kabisa kwenye bunduki moja. Lapua wana kituo Mesa, Arizona, ambapo bunduki inafungwa kwenye kibano na kupigiwa mafungu mbalimbali mpaka lipatikane linalofaa. Risasi za juu kabisa huzidi dola 20 kwa boksi la 50. Neema bado hazihitaji hizo. Nunua maboksi mawili mawili ya aina nne za bei ya kati, mpige pamoja kwa utulivu siku isiyo na upepo, kisha uliyoiona bora nunua nyingi za namba ile ile.

Bunduki iandikwe kwa jina lako, kwa sababu duka haliruhusiwi kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18. Ikae kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, risasi kando. Hilo lisingoje mpaka bunduki ifike, sanduku litangulie.

Na hiyo ya dola 1,800, ukienda kuiona, usiangalie mikwaruzo ya kitako. Muulize mwenye nayo kama vilengeo vya mbele na nyuma vimo kwenye bei, kwa sababu ukivinunua peke yake vitakugharimu mamia ya dola. Angalia mdomo wa mtutu kwa tochi: ukingo wa mifereji uwe mkali pande zote, bila alama ya kugongwa. Omba aingize risasi moja chemba na kuitoa bila kuipiga, mkiwa uwanjani na mtutu umeelekezwa kwenye shabaha, kisha iangalie kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi, ikizunguka polepole kati ya vidole. Alama za mifereji zikionekana sawa pande zote, mwambie fundi wa hapo kwenu ausukumie mtutu kipande cha risasi laini, na umwombe akuachie wewe ushike fimbo.